Neno Hilo Liache Hapa Morogoro

Kihonda, Morogoro
Januari 2026

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, hofu ni kwako wewe uliye safarini. Bibi yako sasa anatoka mwenyewe mpaka chini ya mwembe na kurudi, na yule mbuzi mweusi amezaa mapacha, wote majike. Barua hii nampa kondakta wa basi la saa kumi na mbili aifikishe kwa shangazi yako Mbezi, pamoja na lile begi kubwa ulilolisahau, maana kwenye simu mimi na wewe hatufiki mbali. Mmoja anasema, mwingine anakata.

Juzi salio halikuisha. Mama yako alikwambia hivyo kunisitiri. Nilikata mwenyewe. Ulisema, "Baba, wiki ijayo niko kwa makaburu," ukacheka, na nyuma yako nikasikia wenzako nao wanacheka. Nilikaa na simu mkononi mpaka kioo kikazima. Mama yako akauliza nani amefariki.

Nataka neno hilo uliache hapa. Usipande nalo ndege ya Afrika Kusini. Wala usiliseme hukohuko na Watanzania wenzako mkidhani Kiswahili ni kificho, kwa sababu neno hilo lina ndugu zake kule. Wasotho husema leburu, wakiwa wengi maburu. Wazulu na Waxhosa husema ibhunu, amaBhunu. Mtu wa kule hata kama hajui "habari gani", akisikia "kaburu" sikio lake litasimama. Na wapo Wazungu wa Afrika Kusini waliofanya kazi kwenye migodi yetu miaka mingi, wakarudi kwao na Kiswahili chote cha karakana, matusi yakiwemo. Unajua namzungumzia nani.

Usidhani uzee umeniletea woga wa Wazungu. Wala sijasahau kitu. Neno kaburu mimi nililipokea likiwa na kazi yake. Habari za Mazimbu sina haja ya kukueleza, umesoma pale miaka mitatu na yale majengo unayajua kuliko mimi niliyeyabebea matofali. Lakini vyumba vyake hukuviona vikiwa na wenyewe. Nilikuwa saidia fundi, kijana wa miaka kumi na saba hivi, na wale wakimbizi wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, wengine walikuwa rika langu. Walikimbia baada ya Soweto, Juni 1976, watoto wa shule waliokataa kufundishwa kwa Kiafrikana wakapigwa risasi. Serikali yetu ikawapa ardhi pale mwaka 1977. Chuo wakakiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana wa miaka 22 aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Redio jioni ikisema "makaburu", hakuna aliyeuliza ni akina nani. Ni waliomnyonga yule. Nilipokuwa mdogo zaidi nilikuwa nikichanganya kaburu na kaburi, na hakuna mtu mzima aliyenisahihisha.

Kuna jambo la Mazimbu sijawahi kukwambia. Alikuwepo kijana mmoja wa Soweto aliyekuwa akitusaidia kuchanganya zege siku ambazo hana kipindi. Siku moja nikamwuliza wanawaitaje wale Wazungu kwao, akanifundisha: ibhunu, wengi amaBhunu. Nikafurahi kupata neno jipya. Mchana huohuo tukiwa tunanawa, nikamwona mwalimu wao mmoja Mzungu, mtu wa hukohuko kwao, amepanga foleni ya ugali na sahani yake ya bati, nikamwonyesha kwa kidole nikasema, "Ibhunu." Yule kijana aliweka koleo chini. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuungaunga: "Huyo hapana. Ibhunu ni yule anayenizuia kurudi kwa mama." Nikaona ni maneno ya wasomi. Nikayaacha palepale kwenye mchanga, nikashika neno peke yake nikaondoka nalo.

Na hospitali yao, ile ya Mazimbu aliyotibiwa babu yako, ilijengwa kwa michango ya watu wa Uholanzi. Waholanzi haohao ambao ndugu zao wa zamani ndio walowezi wa kwanza wa Kizungu kule Rasi ya Tumaini Jema. Nimelifikiria sana hilo wiki hii.

Wiki hii kwa kweli nimemchosha mdogo wako. Kila akirudi shule namketisha anisomee kwenye simu yake, na mimi naandika kwenye daftari. (Ada yake ya muhula nimelipa nusu. Nusu nyingine mwalimu mkuu amekubali isubiri mavuno, kwa hiyo usijibane kutuma pesa mwezi wako wa kwanza kule.) Nilitaka nijue watu unaokwenda kuishi nao wanaitwaje, na nani anawaita hivyo, kwa sababu niligundua kwamba nimewatukana maisha yangu yote bila kujua jina lao.

Jan van Riebeeck alishuka Rasi kwa niaba ya Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki tarehe 6 Aprili 1652. Ona tarehe hiyo, mama. Ni ileile ya Mahlangu. Mwaka 1657 Kampuni ikawaachia watumishi wake tisa walime wenyewe kando ya mto Liesbeek, nao wakaitwa raia huru. Mkulima kwa Kiholanzi ni boer. Ndilo neno lenyewe, halina zaidi ya hapo: mkulima. Hata "bosi" yetu tunayoitumia kila siku, Wamarekani waliitoa kwenye baas ya Kiholanzi.

Na huo mji wako Stellenbosch, unakokwenda kusoma, ulianzishwa mwaka 1679, ukapewa jina la gavana Simon van der Stel. Mtu huyo upande wa mama yake alikuwa na damu ya Asia. Miaka mia tatu baadaye sheria za nchi hiyohiyo zisingemhesabu kuwa Mzungu. Hapohapo Stellenbosch, mwaka 1707, kijana mmoja aitwaye Hendrik Biebouw alifanya fujo usiku na wenzake, wamelewa, mkuu wa wilaya akatoka na fimbo kuwafukuza. Kijana akagoma, akapiga kelele kwamba haondoki, yeye ni Afrikaander. Kabla yake neno hilo lilikuwa la watu weusi na watoto wa watumwa waliozaliwa pale. Yeye Mzungu akajivika. Mdogo wako alipolisoma hilo akacheka, mimi sikucheka. Mlevi yule alikuwa anasema hana kwao kwingine. Waliojiita hivyo baada yake walikuja kutumia maneno hayohayo kuwanyang'anya wengine kwao, na hilo siwasamehei, lakini maneno yenyewe nayaelewa.

Kwa hiyo wenyewe wanajiita Waafrikana. Mwaka jana mwezi Mei, Marekani ilipopokea kundi la kwanza la Waafrikana kama wakimbizi, tulikuwa kwenye kahawa pale sokoni, na redio ikasema "Waafrikana". Mzee mmoja akasimama akasema alhamdulillahi, Marekani imewafungulia Waafrika. Wengine wakamwitikia. Ilibidi kijana wa bodaboda awaeleze kwamba si Waafrika, ni Waafrikana, Wazungu. Basi mzee akakaa akasema, "Aa, makaburu." Na baraza zima likatikisa kichwa, na mimi nikiwemo, kana kwamba habari imekwisha hapo. Hakuna aliyeuliza kama waliobaki wamekasirika au wamefurahi, au kama wapo waliokataa kwenda. Wapo waliosema wazi kwamba hawaendi popote, kwao ni Afrika Kusini. Neno letu lilizima swali.

Usije ukawaita wote Waafrikana pia. Wazungu wanaozungumza Kiingereza wana historia yao. Waingereza waliitwaa Rasi mara ya kwanza mwaka 1795, wakarudi mwaka 1806 wakakaa moja kwa moja, na wakulima wale waliwaita rooinek, shingo nyekundu, kwa jua lilivyowachoma. Hawakupendana hata kidogo. Wakulima walifunga mikokoteni ya ng'ombe miaka ya 1830 wakahamia bara, sababu mojawapo ikiwa ni kuachiwa kwa watumwa, hilo waliandika wenyewe. Kisha vita ya 1899 mpaka 1902: Waingereza walichoma mashamba yao, wakawafungia wanawake na watoto kambini, na Makaburu zaidi ya 20,000 wakafia humo, wengi wao watoto. Weusi nao walifungiwa kambi zao, wakafa kwa maelfu, na vitabu vilichukua muda mrefu kuwahesabu. Baadhi ya waliokataa kuishi chini ya Mwingereza walifika mpaka kwetu. Wajerumani waliwapa ardhi upande wa Mlima Meru, na wakulima wengine wakaenda Kenya, ingawa nayo ilikuwa ya Mwingereza, mwaka 1908 na mikokoteni yao mpaka Uasin Gishu. Eldoret wazee wanaiita Sisibo mpaka leo, kwa sababu ilikuwa shamba namba 64, sixty-four. Na mwaka 1951, Wameru walipoondolewa Ngarenanyuki kwa nguvu ili wawekwe walowezi, Mmeru mwenzao Kirilo Japhet alisafiri mwaka uliofuata mpaka Umoja wa Mataifa kuwasemea. Kwa hiyo hatukulipata neno letu redioni tu. Tuliwaona.

Umeona nimeandika "Makaburu" hapo juu? Limenitoka. Nimeliacha usome. Kalamu ya mzee ina mazoea yake, na ulimi wa kijana vilevile, ndiyo maana sichoki kukwambia.

Sasa sikiliza vizuri. Mtu akikwambia "I am a Boer" huku amenyoosha mgongo, kwake maana yake ni ardhi, na vita, na bibi wa babu yake aliyefia kambini. Mtu mweusi wa umri wangu akisikia neno hilohilo anaona gari la polisi la manjano limeingia mtaani usiku. Wote wawili wanasema kweli. Kuna wimbo wa wakati wa mapambano unaotaja kupigwa risasi kwa ibhunu, umepelekwa mahakamani zaidi ya mara moja. Mwaka 2011 jaji akasema ni maneno ya chuki. Mwaka 2022 jaji mwingine akasema sivyo, na mwaka 2024 Mahakama ya Rufaa ikamwunga mkono huyo wa pili. Majaji, na vitabu vyao vyote, wamekaa miaka kumi na tatu juu ya neno hilo. Wewe umelisema kwa kicheko kwenye daladala.

Yule Mzungu mzee wa karakana niliyefanya naye kazi alinieleza siku moja, na hii hukuwepo. Ilikuwa alfajiri, zamu ya usiku inakwisha. Alikuwa na mkate wao mkavu wanaouita beskuit, anachovya kwenye kahawa, anasubiri ulegee kidogo tu, anaung'ata kabla haujakatika. Kila siku. Nilimwuliza, kwa Kiingereza changu cha kazini, "Wewe ni Boer?" Akatafuna kwanza. Akasema, "Baba yangu ni boer. Ana kondoo kule Karoo. Mimi nina spana tu." Kisha akasema yeye ni Mwafrikana, na kwamba wapo wanaolipenda jina la Boer na wapo wasiolitaka, niwe namwuliza mtu kwanza. Alipenda kuitwa oom. Maana yake ni mjomba. Vijana wao hawamwiti mtu mzima kwa jina lake kavu, ni oom kwa mwanamume na tannie kwa mwanamke, kama shikamoo yetu. Hilo lichukue, litakufungulia milango. Lakini baas usimwite mtu yeyote, hata akiwa profesa, hata akikubembeleza. Neno hilo walilazimishwa watu weusi kulisema kofia ikiwa mkononi. Mimi nimeita watu bosi miaka thelathini, inatosha kwa ukoo.

Sitaki kurudia siku ile getini. Unaikumbuka, ulikuwa na miaka sita na umeikumbuka kwa miaka kumi na minane bila kuitaja mbele yangu, na mimi najua kwa nini. Mtoto wa miaka sita hatungi neno kama kaburu. Hulitoa mahali. Yule mzee alikuitikia marahaba, mama, hilo pengine hukulisikia kwa kilio. Aliinama akakuitikia marahaba. Na kofi lile halikuwa lako. Lilikuwa na mwenyewe, nikalipeleka pasipo.

Basi.

Nyumbani: ile fremu ya dirisha la chumba chako fundi ameshaiweka. Bati mbili za jiko bado, upepo wa juzi umezifunua, mama yako anapika chini ya mwavuli na hataki kuhamia kwa jirani. Kiwanja cha Mkundi nilikiuza kwa hiari yangu, usisikilize maneno ya mdogo wako kwamba baba alilia. Kiwanja kingebaki majani tu. Wewe ni wa kwanza katika ukoo wetu, kwa baba yangu na kwa mama yangu, kwenda kusomea uzamili nje ya nchi, na mwalimu wako wa udongo alinipigia mwenyewe kunipongeza, nikashindwa kujibu. Lakini simu ya bei ile ulinunua ya nini? Mama yako anarejesha mkopo wa kikoba kila Jumatano. Sikulaumu. Nakwambia tu kwamba niliiona risiti.

Nirudi kwenye maneno, kwa sababu kaburu si peke yake. Lipo jingine linalonitisha zaidi, na hilo liko mdomoni mwa kila mtu nyumbani kwetu. Kafiri. Bibi yako husema kafiri kwa jirani asiyefunga, kwa paka, kwa fundi aliyekula advansi. Kule usilitamke. Neno hilo lilitoka pwani hizi zetu, Waarabu waliwaita hivyo watu wa kusini wasio Waislamu, Wareno wakalichukua, Waholanzi wakalipokea, na lilipofika Rasi likageuka kuwa jina la mtu mweusi, tusi kubwa kuliko yote katika nchi ile. Wenyewe hawaliandiki, huandika herufi K peke yake. Mwaka 2018 mwanamke mmoja Mzungu alihukumiwa kifungo kwa kuwatukana polisi weusi kwa neno hilo tena na tena. Wewe utasema kwa Kiswahili, kwa nia ya Kiswahili, na yule binti wa Kixhosa utakayeishi naye chumba kimoja atasikia kitu kingine kabisa. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na kule ulimi ukijikwaa hapo hakuna wa kukuinua.

Na usimwite mtu chotara. Huko Rasi ya Magharibi wengi utakaowaona si weusi kama sisi wala si Wazungu. Sheria ya mwaka 1950 ya kuandikisha watu kwa rangi iliwaita Coloured, na walikuwa wakipimwa hata kwa penseli kwenye nywele: ikidondoka uko huku, ikinasa uko kule, ndugu wa tumbo moja wakatenganishwa. Wengine leo jina hilo wamelikubali wakalifanya lao, wengine hawalitaki kabisa. Sikiliza wao wanavyojiita, fuata hilo. Na wao ndio wengi wa wanaozungumza Kiafrikana, kuliko hao Waafrikana wenyewe. Kwa hiyo ukisikia lugha hiyo dukani usijikunje. Waislamu wa Cape Town, uzao wa watumwa na wafungwa walioletwa kutoka visiwa vya Indonesia na kwingine, walikiandika Kiafrikana kwa herufi za Kiarabu madrasani, karne ya 19, kabla hakijafanywa lugha rasmi mwaka 1925. Kama babu zetu walivyoandika Kiswahili. Siku za Ijumaa ukipata nauli nenda Bo-Kaap, mtaa wao, usali, na ukifika mwambie imamu unatokea wapi. Lugha ile waliyoikataa watoto wa Soweto ndiyo lugha ya mama ya watu hao. Mimi sikulijua hilo mpaka juzi, na nilishinda Mazimbu miezi kumi na minne.

Kama wewe utaitwaje, hilo sikulala kwa ajili yake. Weusi wa kule huwaita Wazungu abelungu, makgowa kwa Kisotho. Sisi watu weusi kutoka nchi nyingine tunaitwa makwerekwere. Ndivyo lilivyo, situngi. Wanasema ndivyo maneno yetu yanavyosikika masikioni mwao. Mwaka 2008 watu zaidi ya 60 waliuawa kwa jina hilo, na fujo zikarudi mwaka 2015 na 2019. Bibi yako ni Mkwere wa Lugoba, baba yangu Mkwere, wewe Mkwere. Utakapoitwa hivyo mara ya kwanza utageuka ukidhani umepata mtu wa kwenu. Nilipofikiria hapo nilitoka nje nikakaa na mbuzi. Usimwambie bibi yako. Na ukiitwa usijibu kwa tusi, ondoka ulipo, usiku usitembee peke yako, mwandikie mama yako siku hiyohiyo, na mimi atanisomea.

Wala usidhani kwa kuwa weusi wenzako watakuita hivyo ndipo upate ruhusa ya kuchukia au kukimbilia upande. Nakuona unavyokasirika, umechukua kwangu. Na usidhani kwa sababu nakuzuia neno moja basi nakuambia uwe mnyonge. Ukikaa darasani mtu akasema ubaguzi haukuwa mbaya sana, mwambie umesoma kwenye chuo cha Solomon Mahlangu, mwambie tarehe. Mwambie pia habari ya Bram Fischer, Mwafrikana wa ukoo mkubwa, wakili aliyemtetea Mandela kwenye kesi ya Rivonia, naye mwenyewe akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1966 kwa kupigania watu weusi. Huyo tungemwita nani kwenye kahawa yetu pale sokoni? Ndicho alichotaka kuniambia yule kijana na koleo lake. Imenichukua miaka arobaini na zaidi.

Sweta mbili zimo begini, ile ya kijani amefuma shangazi yako mkubwa, ivae hata kama huipendi. Baridi yao ni Juni mpaka Agosti na ndiyo wakati wa mvua zao, baridi na mvua pamoja, si kama huku. Mchele usibebe. Vyeti piga kopi tatu, halisi akae nazo shangazi yako, wewe beba kopi zilizogongwa muhuri na picha yake kwenye simu. Hiyo simu basi ifanye kazi.

La mwisho. Chini kabisa kwenye begi kubwa, ndani ya kitambaa cha kanga ya mama yako, utakuta spana namba 19. Usiitoe ukaiacha kwa shangazi. Ni ya yule mzee. Niliichukua wiki ile ya getini, nikiwa na hasira ambazo hazikumhusu, na alijua, alihesabu zana zake kila jioni kwa kidole. Hakuniuliza mpaka mkataba wake ulipokwisha. Siku ya kuondoka aliniandikia namba ya simu ya kwao Worcester kwenye boksi la fani-belti, na boksi hilo nimelibandua upande wenye namba nimeliweka humohumo. Worcester si mbali na wewe, njia ya Paarl. Mpigie, hata kama ni mwaka umepita. Akipokea mwite Oom. Kama hayupo duniani mpe atakayepokea. Usieleze mengi, sema umetumwa na fundi wa Morogoro, basi, wenyewe tunajua.

Iweke kwenye begi la kupakia chini, si la mkononi, pale uwanja wa ndege watakunyang'anya.

Ukifika bipu tu, nitapiga mimi.

Baba yako